Stelingi wa kike wasiosahaulika: tuache bunduki, tuangalie masikio (UZI MREFU)

#1 · Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi usiku, watoto wameshalala, mimi na kaka yangu tulikuwa sebuleni tunatafuta cha kuangalia. Nikamwambia tuweke Alien, ile ya kwanza kabisa ya 1979. Akaguna. "Muvi za stelingi wa kike zote ni ileile. Anapewa bunduki kubwa kuliko yeye, anabaki na singlendi, anapiga mayowe, inaisha." Tukaishia kuangalia marudio ya mpira.

Maneno yale yamenikaa kooni mpaka leo, ndiyo maana nafungua uzi. Nitangulize kusema kwamba kazi yangu ni kupokea simu za wateja. Saa nane kwa siku nina hedifoni kichwani, kwa hiyo inawezekana mimi muvi naziangalia kwa sikio kuliko kwa jicho. Lakini nimekaa nikawapanga wanawake wote wa muvi za sayansi ya kubuni na katuni ambao sijawasahau, na karibu wote kisa chao kiko kwenye sikio. Ama anasikia kitu ambacho wenzake hawakisikii, ama anasema kweli tupu na hakuna anayemsikiliza. Bunduki inakuja baadaye, maneno yakishashindikana.

Ambaye hajaangalia na hataki kumwagiwa mtama, aishie hapa.

RIPLEY

Stelingi wa Alien. Wengi mnamkumbuka yule wa muvi ya pili, ya 1986, ndani ya lile limashine la kubebea mizigo, anatwangana na mama wa madude. Mimi nawaomba mrudi 1979, kwenye mlango.

Watu saba na paka ndani ya meli ya mizigo ya angani, Nostromo. Watatu wameshuka sayarini, nahodha Dallas akiwemo. Wanarudi wakimkokota mwenzao Kane, dude limemng'ang'ania usoni. Kwa kuwa Dallas na Kane, wakubwa wake wawili, wako nje, mwenye amri ndani ni Ripley. Wanamwambia kwenye redio afungue. Anawajibu bila kupandisha sauti, kama karani wa dirishani anayejua kanuni zake: karantini ni saa 24, mkiingia na hicho kitu tunaweza kufa wote. Dallas anaamuru. Anakataa. Lambert, wa tatu wao huko nje, anafoka. Anakataa. Halafu Ash, ofisa wa sayansi, anabonyeza kitufe na mlango unafunguka.

Hapo hajashika hata bisibisi. Amesoma kanuni, amepima hatari, amesema, amepuuzwa. Sikio la kufa halisikii dawa: wanamalizika mmoja mmoja mpaka anabaki yeye na paka. Na huyo Ash tunakuja kujua ni roboti, aliyetumwa na kampuni kulileta lile dude nyumbani hata wafanyakazi wakifa wote. Yaani kumpuuza Ripley ulikuwa mpango wa ofisi.

Sasa niwape kioja. Mimi Ripley nilimuona mara ya kwanza kibanda umiza, Mbagala, nikiwa darasa la sita. Ilikuwa hiyo ya pili, ya 1986, mkanda ulioingizwa sauti ya mtafsiri. Shilingi mia mlangoni, mabenchi ya mbao, jenereta linaunguruma nyuma ya turubai, wasichana tulikuwa wawili tu na tumekaa karibu na mlango ili tuweze kukimbia tukisikia sauti ya mama. Mtafsiri alimbatiza Ripley "Mama Chuma". Mwanzoni kuna kikao: Ripley amelala angani miaka 57, ameokotwa, amewekwa mbele ya wakubwa wa kampuni kueleza meli imelipuka kwa nini. Anaeleza, wao wanapekua makaratasi, mwisho wanamnyang'anya leseni ya kurusha vyombo. Kikao kile hakina ngumi wala risasi, basi mtafsiri wetu akakitumia kusalimia marafiki zake wa Temeke na Tandika mpaka kikaisha.

Alichosema Ripley mle kikaoni nimekuja kukisikia miaka kumi baadaye, kwenye kompyuta ya rafiki. Nikacheka peke yangu. Hata mtafsiri naye hakumsikiliza.

Kwa wanaopenda tuzo: Sigourney Weaver aliingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa hiyo ya 1986. Muvi ya madude ya angani! Hakuipata, lakini kuingia kwenyewe lilikuwa jambo.

SARAH CONNOR

Huyu wa Terminator nitampitia haraka kwa sababu kila mtu anamjua. 1984 ni mhudumu wa mgahawa anayeambiwa kwamba mwanawe ambaye hajazaliwa atakuja kuwaongoza binadamu dhidi ya mashine. 1991 tunamkuta amefungiwa hospitali ya vichaa. Kosa lake? Kusema lililompata. Amesimamisha kitanda cha chuma wima, ananing'inia anapiga pull-up, jasho linamtiririka, na daktari anamtazama kwa dirishani anawaeleza wageni ugonjwa wake kama mtu anayetembeza watalii.

Kinachonimaliza mimi ni pale anapotoroka usiku, pekupeku, anafika kwenye lifti, milango inafunguka na anatoka roboti muuaji yuleyule wa 1984, mwenye sura ya Arnold. Mwanamke tuliyemuona chuma kitupu dakika moja iliyopita anateleza, anaanguka chini, anarudi nyuma kwa makalio. Linda Hamilton, anayemcheza, anakuonyesha kwamba misuli yote ile ilijengwa juu ya hofu. Na bado hajui kwamba safari hii roboti limekuja kumsaidia.

(Na hapana, "uzi" wa hapa si ile bunduki aina ya Uzi ya milimita tisa aliyoagiza Arnold dukani. Nawajua nyie.)

UHURA

Huyu ni wetu, kwa hiyo nitakaa.

Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani, ilianza kurushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Ndani ya chombo cha Enterprise kuna mwanamke mweusi, ofisa kamili, amekaa nyuma ya nahodha na kidude cha fedha sikioni. Mkuu wa mawasiliano. Kazi yake ni kusikia. Kila sauti inayotoka gizani humpitia yeye kwanza.

Jina lake limetoka kwenye neno letu. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa amebeba riwaya iitwayo Uhuru, ya Robert Ruark, na mtunzi wa tamthilia, Gene Roddenberry, akalipenda neno. Wakalilainisha mwisho likawa Uhura. Kisarufi ni uhuru uliopindwa mkia, lakini kumbukeni wakati wenyewe: Kenya ilikuwa na miaka isiyofika mitatu tangu ijitawale, na neno hilo lilikuwa bado linanuka rangi mbichi.

Tena kipindi cha kwanza kabisa kurushwa kina Kiswahili. Kuna jini la sayari fulani linalonyonya chumvi mwilini mwa watu, na hujigeuza sura ya mtu unayemuwaza. Likimfuata Uhura, linamjia kama kijana mweusi mtanashati, na linamsemesha Kiswahili. Lafudhi usiulize. Lakini hebu fikiria, usiku wa kwanza wa Star Trek, 1966, na chambo cha kumnasia mwanamke mpweke angani ni mtu wa kuongea naye lugha ya kwao.

Mwaka uliofuata kuna kipindi ambacho mashine iitwayo Nomad inamsikia Uhura akiimba kazini. Haielewi wimbo ni kitu gani. Inamfuta kumbukumbu zote kichwani. Baadaye yuko zahanati ya chombo anafundishwa kusoma upya, kitabu cha darasa la kwanza, na kila akikwama na Kiingereza anateleza kwenye Kiswahili. Nikiwa naangalia nilisimamisha, nikarudisha nyuma, nikamwita mume wangu jikoni.

Nichols alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, arudi kwenye jukwaa la muziki. Aliyemzuia ni Martin Luther King, waliyekutana kwenye hafla, akamwambia kwamba nafasi ile haina mbadala, kwa mara ya kwanza watu wanawaona weusi jinsi wanavyostahili kuonekana. Akabaki. Kuanzia 1977 akafanya kazi na NASA kuhamasisha wanawake na watu wa rangi kuomba kazi ya uanaanga. Na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, 1992, amesema wazi kwamba aliyemwasha moto utotoni ni Uhura.

Jina lake la kwanza, Nyota, halikutamkwa kwenye skrini mpaka muvi ya 2009, alipoigiza Zoe Saldaña, na muvi nzima Kirk, nahodha wa Enterprise, anahangaika kuambiwa jina hilo. Miaka arobaini na mitatu mtu hana jina la kwanza! Hata simu za wateja wangu huanza na jina.

Nimechoka vidole. Endeleeni, narudi.

#2

Nimevuta kiti, nina karanga. Lete vitu.

#3

Mkuu, uzi mzuri, ila Ripley unamsifia bure. Yule aliandikwa awe mwanaume, wakampa mwanamke dakika za mwisho. Kwa hiyo si mhusika wa kike, ni mhusika wa kiume aliyevaa nywele.

#4 · Mwanzisha uzi

@3 hapo umechanganya kidogo. Kwenye mswada Dan O'Bannon na mwenzake waliweka maelezo kwamba wahusika wote wanaweza kuchezwa na mwanaume au mwanamke. Hawakusema "huyu mwanaume". Waliandika watu kwa majina ya ukoo tu, kama kazini kwenu mnavyoitana; haya ya Dallas, Kane, Ripley na Lambert yaliwekwa baadaye mswada ulipoandikwa upya.

Lakini chukulia uko sahihi. Mbona ukiangalia ile ya mlango unaona mwanamke? Wenzake hawamwambii "wewe mwanamke", na bado wanavyomkatiza maneno, wanavyomwona mkorofi kwa kufuata kanuni aliyoajiriwa kuifuata, kila mwanamke aliyewahi kuwa msimamizi wa zamu anaijua hali hiyo. Mimi niliwahi kuripoti hitilafu ya mfumo mara mbili kwa bosi wangu wa zamani. Ya tatu akaripoti kijana wa kiume aliyekuja mafunzo, kikaitishwa kikao. Siitaji kampuni.

#5

Wasee wa Bongo, mmeongea Uhura mkasahau nyumbani. Kuna filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya 2009, dakika kama ishirini na moja hivi. Ilienda mpaka tamasha la filamu la Sundance 2010. Asha ndio anabeba filamu yote. Itafute halafu uje utuambie kama haiingii kwa hiyo nadharia yako ya masikio.

#6 · Mwanzisha uzi

@5 umenipiga pabaya, kwa sababu nilikuwa naiacha iwe ya mwisho. Asante.

Kwa wasioijua: ni miaka 35 baada ya vita ya dunia ya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jumuiya ya Maitu, na kila tone linahesabiwa. Jasho na mkojo vinachujwa na kunywewa tena. Umeme wanazalisha kwa miili yao, kwenye mashine za mazoezi. Asha anatunza makumbusho ya viumbe vilivyokwisha kufa. Siku moja analetewa kifurushi cha udongo hakina jina la mtumaji. Anaupima: hauna mionzi, una unyevu. Wakuu, halafu anaunusa. Anainamisha uso, anavuta pumzi, na palepale anazama ndotoni anaona mti. Sijawahi kuona mtu akinusa udongo hivyo kwenye muvi ya sayansi, wakati sisi mvua ya kwanza ikigonga vumbi tunafanya hivyohivyo mlangoni.

Anawaambia wakubwa kwamba nje kuna uhai. Wanamnyima kibali cha kutoka, wanamwamuru ameze vidonge vya kuzuia ndoto. Unaona mambo hayo? Na wahusika wenyewe karibu hawafungui midomo, wanawasiliana kwa kompyuta. Kwa hiyo Asha si kwamba hasikilizwi tu, hata sauti ya kupuuzwa hana. Anachobaki nacho ni miguu. Anatoroka na mbegu iliyochipua, anaipanda jangwani, anaimwagia maji aliyobakiza, kisha anaikamulia jasho lake na kulala juu yake kuikinga jua.

Mwanzoni mwa filamu wanaeleza neno lenyewe "maitu" kwa Kikikuyu: mama, na ndani yake mna "ukweli wetu". Mtu wa Nairobi akuelezee vizuri zaidi yangu.

#7

Dada mwanzisha uzi, mimi ni mama wa watoto watatu, muvi za madude sina muda nazo. Umesema na katuni. Katuni ziko wapi? Binti yangu anakesha na Mulan.

#8 · Mwanzisha uzi

Shikamoo kama umenizidi, mama, na kama hujanizidi basi mambo vipi.

Mulan ya 1998 ndiyo ushahidi wangu mnono kuliko wote, na upo mahali ambapo watu wanapita bila kuangalia. Achana na mlima na barafu. Nenda pale ambapo ameshagundulika ni mwanamke, amefukuzwa jeshini, halafu anawaona maadui wakitoka hai kwenye theluji. Anapanda farasi mpaka mji wa mfalme, watu wako kwenye gwaride la ushindi. Anamwambia kamanda wake: wako hai, wako humu mjini. Kamanda anageuza shingo. Anamkimbilia huyu, anamgeukia yule, wote wanampita. Na kale kajoka kake kanamkumbusha kwamba amesharudi kuwa msichana. Wiki moja nyuma, kwa jina la kiume, neno lake lilikuwa amri. Mdomo ni uleule, kilichobadilika ni nguo. Mwambie binti aangalie tena kipande hicho.

Ila kwa katuni moyo wangu uko Japani, kwa Hayao Miyazaki.

Chihiro wa Spirited Away (2001, na Oscar ya katuni bora 2003) ana miaka kumi, mnung'unikaji, muoga, anagonganisha magoti kwenye ngazi. Wazazi wamekula chakula cha wenyewe wamegeuka nguruwe. Yeye anaomba kazi kwenye bafu la mizimu, na bosi mchawi Yubaba anamnyang'anya jina, anambakishia kipande tu: Sen. Sasa nisikilizeni. Anakuja mteja mmoja, zimwi la tope, linanuka mpaka wali unaoza kwenye bakuli, wafanyakazi wote wamebana pua. Kazi anatupiwa Sen kwa sababu ni mgeni. Yumo ndani ya maji ya tope mpaka kifuani, anapapasa, anagusa kitu kimechomoza ubavuni mwa zimwi, kama mwiba. Wengine wameona uchafu, yeye amesikia maumivu. Anafunga kamba, wote wanavuta, inatoka baiskeli. Nyuma ya baiskeli inafuata takataka ya mji mzima, na zimwi kumbe ni mungu wa mto aliyekabwa koo na taka za watu.

Niliangalia kipande hicho wiki ambayo mvua zilikuwa zimejaza Mto Msimbazi. Sina la kuongeza.

Nausicaä, 1984, mwaka uleule wa Sarah Connor. Binti wa mtawala wa bonde dogo, dunia imemezwa na msitu wa sumu na wadudu wakubwa kama daladala. Mwanzoni kabisa anapewa kinyama fulani kidogo, kama kicheche chenye mkia wa kindi, kina hofu, kinamng'ata kidole mpaka damu. Havuti mkono. Anakaa hivyohivyo, anakibembeleza kwa sauti ya chini, mpaka kinyama kinaelewa, kinaanza kuramba kidonda. Hicho ndicho anachokuja kuwafanyia wadudu, na hicho ndicho majeshi mawili yanashindwa kukifanya muvi nzima. Halafu chini ya ardhi ana chumba chake cha siri anapootesha mimea ya msitu kwa maji safi, na humo haina sumu hata chembe. Sumu iko kwenye udongo tuliouchafua. Kagundua peke yake, usiku, bila kumwambia mtu.

Na Toph, wa Avatar: The Last Airbender, ile ya katuni, siyo ya watu wa bluu. Kipofu tangu kuzaliwa, wazazi matajiri wamemficha ndani kama sahani za wageni, kumbe usiku anatoroka kwenda kupigana mashindano na mabaunsa na anawazoa. Anaamuru udongo na mawe kwa nguvu zake, na anaona kwa nyayo, mtetemo wa ardhi. Mapigo ya moyo wako yakibadilika anajua unadanganya. Wakamfungia kwenye sanduku la chuma, na chuma hakuna mtu duniani mwao aliyewahi kukiamuru. Akatuliza mikono, akasikia chembe za udongo zilizobaki ndani ya chuma, akalipasua. Huyu waandishi walianza kumfikiria kama jibaba la misuli, wakageuza. Baadaye wakaweka utani: kwenye mchezo wa jukwaani unaowaigiza mashujaa, Toph anachezwa na pande la mtu, na Toph mwenyewe anafurahi ajabu.

#9

Nadharia yako nzuri ila umeilazimisha. Princess Leia wa Star Wars je? Anaokolewa, anakuta waokoaji hawana mpango, ananyakua bunduki, anatoboa njia kwenye jalala. Sikio liko wapi hapo? Na Lady Eboshi wa Princess Mononoke? Yule hasikii la mtu.

#10 · Mwanzisha uzi

@9 nakubali Leia kanishinda. Carrie Fisher alikuwa na miaka 19 wakati wanapiga ile ya 1977, na anawagombeza wanaume wawili na jitu lenye manyoya kama dada mkubwa aliyerudi shule ya bweni akakuta nyumba chafu. Sina sikio la kumpa. Nampenda hivyohivyo.

Eboshi ni habari nyingine, na huenda ndiye mhusika wa kike mwenye utata mzuri kuliko wote kwenye katuni. 1997. Ana mji wa kufua chuma. Wanawake wanaokanyaga mivukuto mle amewakomboa kwenye madanguro. Wanaotengeneza bunduki zake ni wagonjwa wa ukoma, ambao dunia nzima imewatupa, yeye anawaosha vidonda kwa mikono yake. Halafu mwanamke huyohuyo anakata msitu wote na kumpiga risasi mungu wake. Walionyamazishwa na binadamu anawasikia wote. Mbwa mwitu na miti hasikii hata kidogo. San, binti aliyelelewa na mbwa mwitu, ni kinyume chake kabisa: msitu anausikia, binadamu wenzake hataki hata kuwanusa. Mizani haijalala upande wowote, na ndiyo maana hatulali tukiwafikiria.

Halafu umenikumbusha niliyemsahau. Ellie Arroway wa Contact, 1997, Jodie Foster. Amelala juu ya boneti ya gari jangwani New Mexico, hedifoni masikioni, macho amefumba, mitambo mikubwa ya redio imejipanga nyuma yake. Na hapo ndipo anapoisikia, dum, dum, dum, kutoka nyota ya Vega. Ile sura anayofungua macho naijua. Ndiyo sura yangu mteja akianza kwa kunyamaza.

Baadaye anasafirishwa na mashine, anafika huko, anarudi. Waliobaki duniani wanasema chombo kilidondoka tu moja kwa moja, sekunde chache, hujaenda popote. Anasimamishwa mbele ya kamati, anahojiwa kama mwizi. Na kamera yake imerekodi mikwaruzo mitupu. Ila mikwaruzo yenyewe ina urefu wa saa 18, na hilo wakubwa wawili wanalisema faraghani, mlango umefungwa. Mwanamke aliyetumia maisha yake kusikiliza anakuwa na ushahidi wa kelele tupu. Yaani nani aliandika hiki kitu asinionee huruma!

#11

Lupita hamumtaji? Mkenya mwenzetu, tena kacheza roboti.

#12 · Mwanzisha uzi

Nilikuwa nakuja huko. The Wild Robot, 2024. Sauti ya Roz ni ya Lupita Nyong'o. Roboti la kazi za nyumbani limesukumwa na dhoruba mpaka kisiwa kisicho na mtu, linamfuata kila mnyama kuuliza nikufanyie kazi gani, wote wanalikimbia. Basi Roz anakaa chini. Anawasha hali ya kujifunza, ananyamaza, anasikiliza. Siku zinapita, nyasi zinamwota mwilini, wadudu wanampanda, na sisi watazamaji tunasikia milio ileile ya ndege na mapanya ikigeuka polepole kuwa maneno. Kabla ya kulea yule bata bukini yatima, kabla ya kupendwa na yeyote, kitu cha kwanza anachofanya ni kufunga mdomo na kujifunza lugha ya wenyeji. Nimewahi kuishi mikoa ambayo wageni wamekaa miaka ishirini na hilo halijawapitia akilini.

Sikilizeni sauti ya Lupita inavyobadilika. Mwanzo ni ile ya tangazo la benki, kila neno limepigwa pasi. Mwisho inakwaruza, inasita, ina pumzi.

Mtoto wa kaka yangu, ana miaka sita, aliangalia yote bila kuomba maji. Yalipoisha akaniuliza, "Shangazi, na wewe kazini huwa unasikiliza wanyama?" Nikamwambia siku nyingine ndiyo.

#13

Shangazi umeua hapo. Sasa kaka yako amesemaje?

#14 · Mwanzisha uzi

Nilimtumia linki ya uzi huu juzi. Hakujibu. Jana saa saba usiku simu ikalia ujumbe, nanukuu wote: "Kwani yule Ash alifungua mlango kwa nini??"

Nimemwambia amalizie, na kesho aweke ya pili. Na kile kikao cha kampuni asikirushe mbele.